Mlinzi Ameanza na Aliyemwajiri

Fundi wa kompyuta aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa akimweleza mama wa pembeni yake, ambaye hakumuuliza kitu. "Asubuhi nimetuma programu ya kuzuia virusi ijiweke yenyewe kwenye kompyuta zote za ofisi, kwa mpigo. Sasa zote zimejifunga."

"Si uzifungue, mwanangu?"

"Zinanikataa, mama. Programu imeona mtu mmoja anagusa mashine zote, ikaamua huyo ndiye kirusi."

"Yaani umeajiri mlinzi, akaanza na wewe!" Mama alicheka peke yake. Simu ya fundi ikaita, akaitazama tu. "Bosi wako anajua?" mama akauliza.

"Ndiye anayepiga."

Basi likasimama. Kondakta akamgeukia: "Fundi, si ulisema unashuka hapa, ofisini kwenu?"

"Kituo kinachofuata," akajibu.