Mama Vitufe Anastaafu, Q Imepata Mlinzi

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, Mama Vitufe anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Kivinjari kwa miaka ishirini na sita. Anaondoka akiwa mzima wa afya, mwepesi wa maneno kama siku aliyoingia, na ameshinda. Hilo la ushindi nitalifikia. Mwenyewe ameniagiza nisilirukie.

Alianza kama mwalimu wa kupiga chapa kwenye chumba cha chini, enzi ambazo kompyuta moja iligombaniwa na ofisi nzima. Kampuni ilipoanza kutengeneza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ilihitaji mtu wa kuamua kitufe gani kifanye nini. Wakubwa walidhani ni kazi ya mchana mmoja. Yeye akaomba kompyuta tatu, moja ya Windows, moja ya Mac na moja ya Linux, akazipanga mezani na kukaa katikati yake. Mchana huo haujaisha mpaka leo.

Mgeni akipita ukumbi wetu wa mikutano Jumatano anaweza kudhani kuna mirathi inagawanywa. Kumbe ni watu wazima, wenye familia zao, wanatoleana macho kuhusu njia za mkato za kibodi: kama ukurasa upakiwe upya kwa F5 au kwa Kontroli na R, kama mtu wa Mac na Komandi yake alazimike kujifunza upya kila anapoazima mashine ya mwenzake. Mama Vitufe ndiye mwenyekiti, ndiye mshitaki, na mara nyingi ndiye shahidi. Msimamo wake haujawahi kuyumba: kitufe cha pembeni, kiwe Kontroli au Komandi, kinaweza kubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, lakini herufi ibaki ileile, maana vidole haviulizi vimekaa mbele ya mashine ya nani. Ni yeye aliyeua ule mtindo wa kitufe cha kufutia kukurudisha ukurasa wa nyuma, mtindo uliowamezea watu fomu zao ndefu walipokuwa wanasahihisha herufi moja tu. Siku uamuzi huo ulipopita alizunguka meza hadi meza akipunga mikono kama bibi harusi.

Mpinzani wake mkuu ni mhandisi wa Linux wa meza ya jirani. Walibishana kazini, wakabishana kwenye lifti, na siku moja ubishi ukawafuata hadi nyumbani kwa Mama Vitufe. Mdogo wake wa kike akawaletea chai, akasikiliza kidogo, akamwambia mhandisi kwamba ana hoja. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Mwaka haukuisha, mhandisi akawa shemeji, na mpaka leo ofisi nzima tunamwita Shemeji. Mama Vitufe husema hiyo ndiyo hoja pekee aliyoshindwa nyumbani kwake mwenyewe.

Ugomvi wao wa kudumu ni Q. Kontroli na W hufunga kichupo kimoja, yaani ukurasa mmoja kati ya kurasa ulizofungua. Lakini Kontroli na Q kwa waliozoea Linux, au Komandi na Q kwa watu wa Mac, hufunga kivinjari chote na kila kilichomo. Herufi hizo mbili zimekaa bega kwa bega kwenye kibodi. Kidole kikiteleza kidogo, umeiaga kazi ya asubuhi nzima. Shemeji hushikilia kwamba Q ni ya watu wanaojua wanachokifanya, hivyo haina haja ya kuwauliza maswali. Mama Vitufe hushikilia kwamba watu hao bado hajakutana nao.

Kuna mwaka alishinda. Kikao kiliamua Q ifungwe, isifanye kazi yoyote kwenye mfumo wowote. Kwa furaha aliyokuwa nayo akajitolea kuwaandikia wahandisi uamuzi huo yeye mwenyewe, akaandika: "Q ifunge kwenye mifumo yote." Herufi moja ilikuwa imedondoka, na herufi yenyewe ilikuwa W. Wahandisi wetu ni watu watiifu. Toleo la kivinjari lililofuata, Q ikafunga kila kitu kila mahali, hata kwenye Windows ambako haikuwahi kuwa na kazi hiyo. Simu zilianza kulia kabla hatujaweka mikoba chini. Mama Vitufe alizipokea mwenyewe, akiomba radhi na kumfundisha kila mpigaji Kontroli, Shifti na T, inayorudisha kurasa zilizofungwa. Kurasa zilirudi, lakini yale ambayo watu walikuwa wameyaandika humo hayakurudi, na mwalimu mmoja alilia kwenye simu hadi Mama Vitufe naye akalia. Tulilisahihisha toleo, kikao kikaogopa kuigusa Q tena, mambo yakarudi yalivyokuwa. Humu ndani, mtu akikosea kuandika bado tunasema amedondosha W.

Mwaka huu tarehe ya kustaafu ikakaribia, na Shemeji akatangazwa kurithi uenyekiti. Hapo ndipo nilipomwona Mama Vitufe akinyong'onyea. Aliniambia wazi kwamba kustaafu hakumtishi. Kilichomkosesha raha ni kuiacha Q bila mlinzi, kwa sababu wanaoumizwa nayo hawahudhurii kikao cha Jumatano. Wala hakuomba tena ifungwe. Aliomba iulize kwanza kabla ya kufunga. Shemeji alikataa, kikao baada ya kikao, kwa heshima zote na kwa ukaidi uleule.

Sasa, wasifu huu ulipaswa kuandikwa na Shemeji. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, na alikuwa akiuandika ndani ya kivinjari chetu kwa siku kadhaa. Mkewe anatuambia alikuwa akiandika huku akijifuta machozi. Jumatano iliyopita, muda mfupi kabla ya kikao, alitaka kufunga kichupo cha pembeni. Kidole kikateleza. Tulimsikia akitamka neno ambalo jarida hili haliwezi kulichapa. Aliingia kikaoni amechelewa, akakaa, akamtazama mwenyekiti wake.

"Shemeji," akamwambia Mama Vitufe, "iulize tu."

Hakuna aliyemwuliza kimetokea nini. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi, na mimi nikakabidhiwa wasifu nianze upya.

Kwa hiyo toleo la kivinjari linalotoka Ijumaa hii, siku ileile anayostaafu, lina Q inayouliza, kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux. Maneno ya swali ameyatunga Shemeji. Jumatatu Mama Vitufe alikaa mbele ya kompyuta zake tatu kulijaribu, sisi tukiwa tumejipanga nyuma yake. Akabonyeza. Kioo kikamwuliza: "Unaondoka kweli?" Chini yake majibu mawili, "Ndiyo" na "Nibaki kwanza."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwita Shemeji, akamwonyesha kwamba jibu lililokolezwa, lile linalochukuliwa mtu akibonyeza Enta bila kusoma, lilikuwa "Ndiyo." Akamwambia hilo ni kosa. Shemeji akalibadilisha palepale bila kubisha, kwa mara ya kwanza tangu tuwafahamu.

Mama Vitufe, asante kwa vidole vya watu wengi ulivyovitetea bila wenyewe kujua. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa asubuhi, na mapumziko yasiyo na kikao cha Jumatano. Ijumaa utaaga, na hatutakuzuia. Ila ujue kwamba kila mmoja wetu tayari ameweka kidole juu ya "Nibaki kwanza."