Uji wa Baba Yake Zege

Kaa hapo kwenye tairi usikilize, ila usiegemee birika. Hapa kijiweni Uyole, kando ya lami, baridi inatafuna masikio, na leo hatubishani mpira. Lusekelo, fundi ujenzi tunayemwita Zege, baba yake kalazwa. Nimonia. Mzee kakonda mpaka shati ndo linamvaa yeye. Sindano zimeanza kufungua kifua, ila daktari kasema asipokula hatapata nguvu ya kupona. Na bakuli kila siku linarudi limejaa.

— Kasusa, Zege akasema, macho mekundu. Mke wangu Anjela anapika uji wa karanga, anapeleka, mzee hagusi.

— Uji! Zabron akacheka. Huyu anauza mitumba, tunamwita Dokta kwa vile aliwahi kulazwa. Mzee wa Kinyakyusa unampa uji? Mpe ndizi na nyama!

— Hana meno, Dokta.

— Kwani mchuzi unatafunwa?

Anord wa bodaboda akadakia:

— Mnahangaika bure. Dripu si ndo chakula chenyewe? Tone, tone. Haba na haba hujaza kibaba!

— Ile ni maji na chumvi tu, nikamwambia.

— We si uliishia kidato cha pili?

— Na we uliishia wapi?

— Getini. Ila nilisikia mengi.

Dokta akashusha sauti:

— Kule wodini, yule mzee wa kitanda cha jirani anavuta hamu ya kula ya wenzake. Hamjaona anavyonenepa?

— Kweli, Anord akasema. Aletwe mgonjwa mwingine avutwe yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kulikuwa na dereva wa lori, anangoja pancha yake izibwe, kahawa mkononi.

— Samahani wakubwa. Nani anamshikia kijiko?

— Si nimesema mke wangu anapeleka? Zege akajibu.

— Kupeleka nimesikia. Kumlisha?

— Yule baba mkwe wake, bwana! Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Anjela anaweka bakuli kwenye stuli, anageuka, anasubiri korido.

— Mzee mikono inashika?

— Inatetemeka…

— Na we saa ya kuona wagonjwa unakuwa wapi?

Wote tukaangalia kikombe cha Zege.

— Sasa nimlishe baba yangu kama kichanga? akasema, pole pole. Mzee mwenyewe hataki hata nimshike mkono kuvuka barabara. Akinitemea mbele ya wodi nzima?

Saa ya wagonjwa ndo hii. Anjela yuko korido, kageuzia mlango mgongo, uji unapoa. We ungekuwa Zege, ungefanyaje?