Msinifyekee Njia: Maisha ya Mzee Hezron Silwimba wa Chapwa, 1922–1985

Poleni na njia, ndugu, jirani, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Nakonde. Wengine nguo zimechanwa na vijiti, kuna mama mmoja kiatu kimebaki huko nyuma. Kwa nini mmepitishwa porini namna hii, mtaelewa tukifika mbele. Mzee Hezron mwenyewe hakupenda mtu aanzie mwisho.

Alizaliwa mwezi wa tano mwaka 1922, hapa hapa Chapwa, mtoto wa tatu wa Mzee Nikodemo Silwimba na Mama Tabu Namonje. Siku hizo Tunduma ilikuwa nyumba chache tu za mpakani, na kutoka huko mpaka hapa ni miti mitupu.

Mwaka 1932 alipelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, akaanza shule ya misheni. Alisoma mpaka darasa la tatu. Baba yake alipoumwa mwaka 1935 akarudi kumsaidia kukata matawi, na shule ikaishia hapo. Alikuwa anasema darasa la nne alilisomea juu ya mti.

Mwaka 1943 alikwenda migodini Mufulira kama vijana wengi wa huku, akarudi mwaka 1950 na baiskeli na kikohozi. Baada ya hapo hakuajiriwa tena na mtu. Kazi yake ilikuwa chitemene. Kwa wageni ambao hawajaiona: mtu anapanda mti, anakata matawi, shina analiacha hai. Matawi yanalundikwa yakauke, yanachomwa kabla ya mvua, na ulezi unapandwa kwenye majivu. Ikipita miaka mitatu au minne, shamba linaachwa lilale na miti inachipua upya. Mzee hakurudi mahali mpaka miaka ishirini iishe. Mpita njia anaona pori, mwenyewe anaona shamba lililolala. Ukimbishia, anakushika mkono na kukuonyesha makovu kwenye miti: haya ya baba, haya yangu ya kwanza, haya ya mwaka wa Uhuru.

Alifunga ndoa na Mama Marita tarehe 4 Oktoba 1952. Alipokwenda Msangano kuposa, muda wote shingo iko juu anaangalia miti ya watu, mpaka baba mkwe akamwuliza, "Kijana, umefuata binti au umefuata kuni?" Akajibu, "Baba, naangalia kama nyumba hii ina subira." Wazee wakacheka, naye akapewa mke. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, familia ilihamishiwa kijijini kando ya barabara. Mzee alibeba paa la nyumba yake bila kugomba. Alisema, "Serikali imehamisha watu. Miti haikuambiwa ihame." Kila Jumamosi alitembea mpaka hapa kuangalia mashamba yake yanavyolala. Lakini reli ilishafika, na reli ilileta watu wa kila mkoa. Maduka yakaongezeka, maghala yakaongezeka, nyumba zikaanza kusogea huku.

Mei 1983 bwana ardhi aliitisha mkutano. Akasema mji unapanuka, viwanja vitapimwa, wenye mashamba watafikiriwa, na pori ni la serikali. Mzee akasimama.

"Lile lenye makovu je?"

"Makovu gani, mzee wangu?"

"Ya miti. Pale ni shambani kwangu, limelala tangu mwaka sitini na saba."

"Mzee, shamba lina mazao. Mti wenye kovu ni mti."

Watu walicheka, na Mzee alicheka nao. Ila tangu siku ile hakutulia. Chai ilikuwa inapoa mbele yake. Akimwona mtu amebeba fito barabarani anatoka mbio kumwuliza kama ni mtu wa wapima. Mwaka mzima aliishi hivyo, na Juni 1984 akachukua shoka.

Mama Marita akamwambia, "Baba Boazi, hiyo miti ina miaka kumi na saba tu."

"Wanasema ni pori. Nikilima watasema ni shamba."

"Na ulezi utaota kwenye majivu ya kiganja kimoja?"

"Ulezi wa mwaka huu si wa kula, mama. Ni wa kuonekana."

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Boazi, mwanaye mkubwa, alikuwa Mlowo kwenye kazi ya kununua mazao, akaleta salamu kwamba baba asipande, amsubiri. Hakusubiri. Alipanda mti mmoja baada ya mwingine, akafika nusu ya shamba. Jumamosi ya tarehe 18 Agosti tawi la msuku lilimvunjikia, akaanguka, nyonga ikavunjika. Ndugu Yahaya, mwenye duka kule barabarani, alimbeba na gari lake mpaka hospitali. Alilazwa wiki sita, na aliporudi hakusimama tena.

Familia ilichoma ile nusu, ikapanda. Ulezi ulitoka wa njano, mfupi, wa kuhurumia. Lakini lilikuwa shamba, lilionekana, na Mzee alilala kwenye godoro lake akisubiri waje walione.

Wapima walikuja Machi mwaka huu. Binti yake Fides ndiye alikuwa anakwenda kuangalia na kurudi kumwambia.

"Wamefika wapi?"

"Kwenye kichuguu, baba."

"Wanafyeka?"

Fides akainama kumvuta blanketi miguuni.

"Fides, nimekuuliza. Wanafyeka?"

"Hapana, baba. Hawana cha kufyeka."

Jioni mpima mwenyewe akapita kusalimia, kijana mwenye adabu. Alisema, "Mzee, ubarikiwe. Ungeacha msitu ule tungekaa mwezi mzima. Tumeona moja kwa moja mpaka barabarani." Siku mbili, viwanja ishirini na viwili. Ulezi ulikuwa umesimama hapo hapo katikati ya vigingi.

Mzee aligeukia ukutani, siku tatu hakusema na mtu. Siku ya nne akamwita Fides. "Na ile nusu nyingine?"

"Darubini yao haikuona kitu, baba. Miti imebanana. Wamesema watarudi kiangazi na watu wa mapanga."

"Basi nilipoanguka mimi ndipo walipokwama wao," akasema, na alikula siku hiyo.

Mwezi wa tano Yahaya alikuja, akakaa chini mkekani. "Mzee, nimepewa kiwanja kule kwenye ulezi wako. Nimeona nije mwenyewe kabla hujasikia kwa watu."

 Mzee akauliza, "Kuna mti ndani yake?"

"Mmoja. Umekatwa kichwa."

"Huo utachipua. Usiung'oe."

Yahaya hajaung'oa. Leo ni mmoja wa sita waliobeba jeneza.

Vidonda vya kulala vilimzidi, kifua cha migodini kikamrudia. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 1985, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake. Maneno aliyomwachia Boazi ni haya: "Mnizike kwenye ile nusu isiyokatwa. Na msinifyekee njia. Mkifyeka pa kupita watu sita na jeneza, na mpima atapita hapo hapo."

Ndiyo sababu mmekuja mmoja mmoja, na jeneza limepitishwa kiubavu, likatuliwa chini mara tatu. Jembe limegusa hapa pa kaburi tu.

Ameacha mjane, Mama Marita. Watoto Boazi, Fides, Aida na Hezron mdogo. Dada yake Ferista aliyeko Nakonde. Na wajukuu kumi na mmoja.

Wapima wanategemewa mwezi wa saba. Hatujui watasema nini wakilikuta kaburi, na bwana ardhi hakutujibu tulipomwuliza. Kwa hiyo familia inaomba jambo moja. Tukimaliza, kila mtu atafute pake pa kutokea. Asifuate nyayo za aliyemtangulia, watu ni wengi leo, tusije tukaacha njia.

Mungu ampokee Mzee Hezron, apumzike kwa amani, na sisi tutoke polepole.