Baba Minza na Yule wa Shoka

Kijiwe cha Melkiadi hakina kibao wala hakihitaji. Ukishuka stendi ya Mpanda ukamuulizia fundi simu anayeongea kuliko redio, utaonyeshwa kwa kidole. Ni benchi moja la mninga lililokaliwa mpaka likang'aa, mbele ya kibanda cha mabati kilichojaa simu zilizopasuliwa matumbo. Jumamosi hiyo, saa nne na nusu asubuhi, Pudensiana alikuwa ameshatua jiko lake la mkaa na birika la kahawa, na kashata zimejipanga kwenye sinia. Melkiadi mwenyewe, ambaye wanamwita Wizara kwa sababu kila jibu lake linatoka kama tangazo la serikali, alikuwa ameacha kazi za watu. Nestori wa bodaboda, yaani Gia Nne, alikuwa amerudi kutoka Mwese na vumbi mpaka kwenye kope. Na katikati yao, simu mkononi na jasho puani, alikaa Masunga.

Masunga ni Msukuma wa Magamba, ana ng'ombe themanini na miaka hamsini na miwili. Amewahi kumfukuza fisi kwa fimbo na matusi. Lakini wiki hii nzima alikuwa anatetemeshwa na jitu la ndani ya simu.

Chanzo ni binti yake, Minza. Tangu aende chuo Dodoma, simu zao zimekuwa za hujambo, sijambo, umekula, nimekula, haya baba. Masunga akikata anabaki ameishika simu, moyo unamuuma kabisa, maana huyu ndiye mtoto aliyekuwa akipiga naye soga machungani kutwa nzima. Sasa wiki iliyopita Minza akamtumia ujumbe wa sauti: "Baba, lile gemu nililokuwekea Januari wakati wa likizo bado unalo? Jumamosi saa tano tucheze wote. Tukutane darajani. Jumatatu naanza mitihani, nitazima kila kitu." Masunga aliisikiliza sauti hiyo mara tisa. Mara ya kumi akamsikilizisha mkewe.

Shida ni hilo daraja. Linalindwa na jitu lenye shoka, na kila Masunga akilisogelea anakufa.

— Nimekufa mara ngapi, Wizara? Hata sijui. Na saa tano hiyo inakuja. Nisaidieni jamani, nisiaibike kwa mtoto.

— Mzee, wewe unaogopa, alisema Nestori. Lile jitu linasikia harufu ya woga. Mvamie! Ukikaza mwendo shoka halikupati. Mimi pale mteremko wa Mwese nakata kona bila breki, na nipo hapa nakunywa kahawa.

— Upo hapa na plasta mbili, alisema Pudensiana.

— Zile ni za kunyolea!

— Unanyoa magoti?

Melkiadi akakohoa. Akikohoa hivyo ujue tangazo linakuja.

— Wananchi, tulieni. Gemu kama hili lina kanuni zake. Kanuni ya kwanza, usipige hovyo. Mtazame bega. Bega likipanda, wewe bingirika pembeni. Shoka likishuka, piga moja, rudi. Piga moja, rudi. Tamaa ya kupiga mara mbili ndiyo inayoua wanaoanza.

— Hilo nimeelewa, alisema Masunga. Kama kumkamua ng'ombe mkali. Unamwangalia mguu.

— Sahihi. Kanuni ya pili, lile jitu ni mlinzi wa mpaka. Mlinzi wa mpaka anataka nini? Karatasi! Mimi babu yangu aliingia nchi hii kutoka Burundi, tumekaa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, tunasubiri karatasi za uraia mpaka nimeota ndevu. Nakwambia mahali fulani katika gemu hilo pana ofisi, na ofisini pana mhuri. Ukiupata mhuri, jitu linakufungulia na kukubebea mzigo.

— Wizara, unazingua, alisema Nestori. Jitu gani linasoma mhuri? Mimi nasikia hayo majitu yanaongozwa na mwenye kampuni ya gemu. Yaani mwenye kampuni anakuona kabisa, huko kwao, ana kioo kikubwa. Akiona uko Mpanda anaongeza ukali wa shoka, maana anajua mtandao wetu unasuasua.

— Anatujua Mpanda? aliuliza Masunga.

— Anatujua kinyama!

Pudensiana, ambaye hajawahi kucheza gemu lolote, alijimiminia kahawa yake mwenyewe akasogeza kichwa kwenye kioo.

— Hiyo namba hapo juu pembeni ni ya nini? Elfu kumi na nne mia tatu.

— Hizo alama, alisema Masunga kwa sauti ya chini. Ukiua vijitu vidogo njiani unapewa.

— Na unazifanyia nini?

— Nazitunza.

Melkiadi akaweka bisibisi chini.

— Baba Minza, unazitunza vipi? Zile ni za kujiongezea mwili! Unakaa pale kwenye moto wa kambi, unanunua nguvu, unanunua uhai. Hujanunua hata kitu kimoja?

— Hata kimoja.

— Tangu Januari?

— Sasa nikizimaliza nitabaki na nini? Masunga alihamaki. Mali haichinjwi ovyo! Mimi nilijua zikikaa zitazaana. Na nikifa zinabaki chini pale nilipoangukia, basi narudi kuzifuata, kama ng'ombe aliyepotea, nafuata nyayo mpaka nampata. Sijapoteza hata moja. Nilitaka tukifika darajani nimkabidhi Minza. Mtoto yuko ugenini peke yake, anaanza maisha. Asianze mikono mitupu.

Nestori alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Pudensiana hakucheka, alimpa Masunga kashata.

— Alama hazigawiwi, mzee wangu, alisema Melkiadi taratibu. Kila mtu anatumia zake. Kaa kwenye moto hapo, tununue sasa hivi. Weka zote kwenye Imani.

— Imani? Nestori akaruka. Anaenda kupigana, haendi kubarikiwa! Weka zote kwenye kasi!

— Imani inatoa radi! Mtu anasali, radi inashuka, jitu linaungua. Soma hapo!

— Weka kwenye uhai, alisema Pudensiana. Mtu akiwa mzima mengine yatajulikana.

— Kasi!

— Imani, mimi ndiye fundi!

— Fundi chaji wewe! Lete hapa mzee, nikuonyeshe.

Na Nestori, bila hodi, akampokonya Masunga simu. Kwa vidole vya kushika usukani wa pikipiki akamkimbiza yule mtu wa Masunga kutoka kwenye moto, moja kwa moja, hana breki, mpaka miguuni pa jitu. Akafikisha panga mara mbili. Akataka la tatu. Shoka likashuka, kioo kikawa chekundu, na zile alama elfu kumi na nne mia tatu zikabaki chini zinameremeta, kati ya miguu miwili ya jitu.

— Nilikuwa karibu, alisema Nestori.

— Karibu na nini? Masunga alisimama. Karibu na nini, we Nestori? Nikifa tena kabla sijaziokota, ndiyo basi, zinapotea! Na ni saa tano kasoro tano! Sasa nimwambie nini mwanangu? Nimwambie nimeshindwa hata kufika mahali pa kukutana?

Nestori akaangalia viatu vyake, akaomba radhi, na kwa kweli alimaanisha.

Ndipo akafika mama mmoja mwenye kitenge cha njano, mkoba begani na simu iliyopasuka kioo mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Nyamizi, ametoka Usevya na gari la asubuhi, anatafuta fundi. Akakuta watu wanne wamenuna. Pudensiana akamweleza yote tangu mwanzo, jitu, daraja, Dodoma, mitihani, alama. Nyamizi akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwani huyo binti mwenyewe anasemaje?

Nestori akamtazama Masunga, Masunga akamtazama Pudensiana. Muda wote huo wamejadili mihuri na radi na vioo vya mwenye kampuni, na hakuna aliyemuuliza Minza hata neno moja.

— Piga, alisema Nestori, akachomoa simu yake. Tumia yangu, ina vocha. Weka sauti ya wote.

Iliita mara moja tu, Masunga akasema ni yeye.

— Baba! Niko hapa darajani tangu saa nne, mbona huniiti?

— Nakuita vipi, mama? Jitu limeziba njia!

— Huvuki peke yako baba, ndiyo maana nikasema tucheze wote. Pale kabla ya daraja kuna jiwe limesimama. Liguse.

— Lile jiwe? Mimi nilijua ni kaburi la mtu! Wiki nzima nalizunguka kwa heshima.

Masunga akamwinua mtu wake, akamwendesha polepole, akaligusa lile jiwe. Mwanga ukatoka ardhini, na kando yake akasimama msichana mwembamba mwenye kofia ya chuma na mkuki mrefu kuliko yeye. Wakaingia darajani pamoja. Jitu likageuka, likainua shoka. Benchi zima likapiga kelele: bega, bega, bingirika!

Minza hakubingirika. Alimgeukia baba yake, akalipa jitu mgongo, akapiga magoti yote mawili chini.

— Shikamoo, baba.

Sasa Masunga angefanya nini? Mtoto amepiga magoti. Baba gani wa Kisukuma atamwacha binti yake pale chini asimwitikie? Aliondoa vidole kwenye kioo, akaitikia kwa sauti iliyofika stendi:

— Marahaba, mwanangu! Marahaba, Minza! Za siku nyingi?

Shoka likashuka likawalaza wote wawili. Alama zikazimika.

Pudensiana alijishika kichwa. Kwenye simu ya Nestori ikatoka sauti ya kwikwi, na Masunga akadhani mtoto analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kukosa pumzi, cha machungani, ambacho nyumba ya Magamba haikuwa imekisikia kwa miezi mingi. Masunga naye akaanza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta.

— Baba! Katikati ya vita unaniuliza za siku nyingi?

— Si wewe uliyepiga magoti!

— Nisingepiga ungenisema mpaka Pasaka!

— Haya, haya. Turudi tena?

Sauti ya Minza ikashuka.

— Tutarudi baba. Lakini kwanza nikwambie mambo ya huku chuoni? Kuna mambo mengi sijakwambia.

— Hiyo ni simu yangu jamani, alinong'ona Nestori, nina abiria wa Mwese.

Pudensiana akamvuta shati akamkalisha. Nyamizi akajisogeza kumpisha Masunga akae vizuri. Naye akaiweka ile simu ya gemu pajani, akaishika ya Nestori kwa mikono miwili.

— Niambie, mama. Nakusikiliza.