Fundi Kesho Achagua Transfoma

Benchi la kijiwe liko barazani kwa kinyozi, limeegemea ukuta, na lina miguu mitatu na nusu. Nusu iliyopungua imejaziwa kipande cha chuma ambacho hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kukitazama. Hapo hukaa kinyozi mwenyewe akikosa wateja, yaani kila jioni. Na Rubani, aliyebeba mizigo uwanja wa ndege mpaka akastaafu na urubani wake. Na Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote pale ila huwakaripia wote kama damu yake. Wa nne ni fundi redio wa chumba cha pili. Jina alilopewa na mama yake analitumia kwenye kitambulisho tu. Mtaani anaitwa Fundi Kesho, na ukitaka kujua kwa nini, muulize yeyote aliyewahi kumpelekea redio.

Jioni ile alitoka na transfoma mbili, moja kila mkono, akazitua juu ya stuli ya kahawa. Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa kaka yake. Kaka mtu ni mpigaji gitaa, na gitaa lake la kizamani halielewani na amplifaya yoyote isipokuwa ile ya valvu, yenye taa zinazowaka taratibu kama makaa. Amplifaya hiyo ilizimika, akamkabidhi mdogo wake aitengeneze. Mdogo mtu akasema kutengeneza ni kazi ya watoto. Yeye ataunda mpya, mtindo uleule wa kale, kwa mikono yake. Mwaka wa pili huo. Sanduku lilikuwa tayari, valvu zimekaa, waya zimechomelewa vizuri hata yeye mwenyewe huwa anafungua kifuniko azitazame tu. Kilichobaki ni transfoma ya spika, ile inayopokea sauti kutoka kwenye valvu na kuikabidhi spika. Alikuwa bado anachagua. Na kwa kuwa alikuwa bado anachagua, kwa kaka yake hakukanyaga. Angeingia na uso gani?

— Jamani, leo naamua, akasema. Hii kubwa imetoka kwenye ukumbi wa sinema uliobomolewa. Hii ndogo imetoka kwenye redio ya mbao. Nifunge ipi?

— Kubwa, akasema Rubani bila hata kutazama. Kizito ndicho kitulivu. Ndege yenyewe inaruka kwa uzito.

— Ndege inaruka kwa uzito? kinyozi akashangaa.

— Wewe umewahi kubeba sanduku la abiria? Basi nyamaza.

— Shida ya kubwa, Fundi akaeleza, inatoa sauti safi mno. Gitaa la kale halitaki usafi. Linataka chuma kidogo, ukipiga kwa nguvu kizidiwe, kikwaruze, kama mtu anayeimba huku kilio kimemkaba.

— Basi ndogo, Rubani akasema.

— Ndogo ikizidiwa sana inaungua.

— Basi kubwa.

— Sasa mnaona ninavyoteseka?

Shangazi akamimina kahawa, akasema bila kuinua macho:

— Mchagua jembe si mkulima.

— Haraka haraka haina baraka, Shangazi.

— Miaka miwili ni haraka? Mimba ya tembo ingekuwa imeshaanza kutembea.

Fundi alicheka pamoja na wengine, maana kicheko ukikiwahi hakikuumi sana. Kinyozi akajisogeza mbele, benchi likayumba kidogo kisha likatulia.

— Mimi siangalii ukubwa, naangalia malezi. Chuma kina kumbukumbu. Hii ya redio ilikuwa ikisikiliza nini huko ilikotoka?

— Nitajuaje?

— Ndiyo hapo! Kama mwenye redio alikuwa mtu wa matangazo ya vifo, Jumamosi gitaa litalia msiba mtupu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Na ile ya sinema, Rubani akadakia, imekula filamu za ngumi maisha yake yote. Bibi harusi akitokea tu, spika itamrukia bwana harusi.

— Dawa ipo, kinyozi akasema. Nywele. Funga ile ndogo kwa nywele, zitaishibisha sauti. Kwani mtu mwenye kipara, akiimba bafuni, sauti yake si inapotea?

— Mimi nina kipara, akasema Rubani.

— Ndiyo maana nasema kwa ushahidi. Nywele ninazo gunia zima.

Jambo la aibu ni kwamba Fundi Kesho alianza kulifikiria. Akajiona amepiga magoti mbele ya sanduku, anachambua nywele nyeusi na za mvi, asijue zipi ziende wapi, na tayari akaanza kuwaza kwamba kuchagua nywele nako kunahitaji muda wake.

Hapo ndipo alipotokea bibi harusi mwenyewe, binti wa kaka yake, ana mfuko wa vitambaa begani na uso wa mtu aliyezunguka tangu asubuhi.

— Shikamoo, baba mdogo. Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanangu. Karibu. Tulikuwa tukikuzungumzia.

— Nimewasikia tangu kona ile. Baba hajui kama nimekuja. Nimekuja kukuuliza kama amplifaya itakuwepo. Amesema isipokuwepo tusimsumbue, yeye atakaa tu na wazee kama mgeni.

— Bado anapiga?

— Anapiga bila umeme. Anafunga dirisha kwanza, ili majirani wasisikie gitaa lilivyonyong'onyea.

Fundi alitazama transfoma zake mbili, akaona haya kama mtu aliyekutwa akicheza na vitoto vya udongo. Msichana akainama kurekebisha mkanda wa kiatu, akabaki ameinama.

— Baba mdogo, hicho chuma chini ya benchi si cha baba?

— Kipi?

— Hicho chenye doa jekundu. Doa hilo ni langu. Nilikuwa nikipaka rangi kiti cha mwanasesere, nikaichafua amplifaya, baba akanikimbiza mpaka barabarani.

— Ndiyo, ni transfoma ya ile ya zamani. Iliungua, mwanangu. Niliitoa, nikaona angalau itufae hapo.

— Nani alisema imeungua?

— Mimi. Kulikuwa na harufu ya kuungua. Fundi mzoefu hutumia pua.

— Uliipima?

Fundi akamtazama Rubani. Rubani akamtazama kinyozi. Kinyozi akakitazama kikombe chake.

— Hebu ngoja, Shangazi akasema. Siku kaka yako alipoleta hicho kisanduku, si ndiyo siku mashine ya kinyozi iliungua kichwani kwa mteja? Mtaa mzima ulinuka!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kinyozi akanong'ona, akilionyesha benchi kana kwamba ndilo lenye kosa.

Wakasimama wote. Benchi likainama kama punda aliyechoka. Fundi akapiga magoti, akakitoa kile chuma, akakipangusa kwa shati lake, akaleta mita. Upande wa valvu, nusu ya kwanza ya waya wake: sindano ikapanda. Nusu ya pili: ikapanda mpaka palepale. Upande wa spika nao ulikuwa hai.

— Nzima, akasema. Sauti ilimtoka ndogo. Ilikuwa nzima siku zote.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Rubani.

— Hiki hakijawala, Shangazi akamjibu. Ninyi ndio mmekikalia.

Safari hii Fundi hakuwahi kicheko, na kilimuuma. Kaka yake hakuwa ameomba kitu kipya wala kitu bora. Aliomba sauti yake irudi, na mdogo wake akaikalia, akinywa kahawa, akitafuta ya kufanana nayo.

— Nikamwambie nini, baba mdogo? msichana akauliza.

Kijiwe kizima kikamgeukia. Lile neno la siku zote lilimjia ulimini lenyewe, kwa mazoea. Akalimeza.

— Mwambie alete gitaa. Asingoje giza. Na mwambie... Hapana, hayo mengine nitamwambia mwenyewe akifika.

Akaikumbatia ile yenye doa jekundu, akaingia chumbani, wakasikia akichomeka pasi ya kuchomelea.

Nje, msichana akashika njia ya kwao, wazee wakabaki wamesimama. Rubani akaikokota ile transfoma kubwa ya sinema, akaisukuma chini ya benchi, wakakaa kwa hadhari. Benchi halikutikisika kabisa.

— Si nilisema? Kizito ndicho kitulivu.

Kinyozi akanyoosha kikombe, lakini birika lilikuwa tupu. Akanusa hewa, uso ukambadilika.

— Jamani, kuna kitu kinaungua.

— Pima kwanza, akasema Shangazi.