Daktari Alimuuliza Binti Yangu, Nikajibu Mimi

Wapendwa wa jumuiya yetu, amani iwe kwenu. Jumapili mbili nimeomba nafasi hii, na zote mbili nimeshindwa kuinuka. Leo nitasema hata kama sauti itakatika. Ikikatika, nisubirini.

Wengi mlimfahamu binti yangu wa pili, yule aliyekuwa akiwaongoza watoto kuimba hapa mbele. Alikuwa darasa la sita alipoanza kuishiwa pumzi. Akitoka bombani anaitua ndoo njiani, anashika kiuno, anahema. Nikamwambia, "Hiyo ni pumu. Hata bibi yako alikuwa nayo." Nikamkataza kufagia uwanja kwa sababu ya vumbi, nikaona nimemaliza.

Alipozidiwa nikampeleka zahanati. Mama yake alikuwa msibani Mlali, kwa hiyo tulikwenda wawili. Mganga akamgeukia mtoto: "Ukilala inakuwaje, mwanangu?"

Nikajibu mimi: "Analala vizuri tu, daktari."

"Amewahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba?"

"Hapana. Hii ni pumu, ya ukoo."

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa najua. Mwaka uliotangulia aliumwa koo, kisha magoti yakamvimba, mimi nikiwa Mtera kwenye biashara ya samaki. Mama yake ndiye aliyemkanda. Na binti yangu pale zahanati alikuwa anatazama miguu yake tu. Nilimlea hivyo, asimkatize mkubwa.

Mganga akamsikiliza kifua muda mrefu. Akasema hasikii mluzi wa pumu, ila mapigo ya moyo yanamtia wasiwasi, twende hospitali kubwa mjini. Nikamwambia tutakwenda tukishavuna zabibu.

Mnanisikia? Tukishavuna zabibu.

Wiki ya pili ya mavuno nilimkuta amekaa chini katikati ya mistari ya mizabibu, midomo imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, na nyayo zimevimba. Tukakodi gari. Kule mjini nesi akaanza kumuuliza, na mimi nikaanza kujibu. Akanigusa bega. "Baba, naomba upumzike kidogo. Nataka nimsikie yeye."

Binti yangu akasema, kwa vipande vipande, "Nikilala chali nahisi nazama. Huwa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mitihani."

"Mbona hukusema?"

"Baba alishasema ni pumu."

Daktari akambonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Wakampima moyo kwa ile mashine ya picha. Wakatueleza kwamba vali za moyo zimeharibika, na ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye lile koo ambalo halikutibiwa. Wakaanza kutuandaa kwenda Dar es Salaam. Siku ya nne, asubuhi, alikuwa ameniegemea kifuani ili apate kupumua. Nilikuwa naisikia pumzi yake. Halafu sikuisikia.

Nisubirini kidogo.

Baada ya mazishi niliacha kuja hapa. Nilikuwa nakunywa kuanzia asubuhi. Mizabibu haikupogolewa. Mama watoto alikuwa ananiwekea chakula, hanisemeshi, na mimi simtazami. Ndiyo maana sikuona kwamba naye anakonda.

Siku moja nikamkuta ameshika ukuta wa jiko, anahema. Ile ile pumzi. Pombe yote ikanitoka. Nikasema, "Ni moyo! Twende."

Akanitazama. "Nitakwenda. Lakini safari hii hutanijibia."

Kule hospitali nikakaa pembeni kwenye benchi, nimefunga mdomo. Nesi akamvuta kope la chini, ndani kweupe. Akamuuliza habari za hedhi, na mke wangu akasema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: miezi mingi alikuwa akitokwa na damu nyingi, akaona aibu kumwambia mlevi. Moyo wake ulikuwa mzima. Damu ndiyo ilikuwa imekwisha, kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Akaongezewa damu, akapewa vidonge, baadaye akafanyiwa upasuaji. Tangu siku ile ya benchi sijaonja pombe.

Nawashukuru majirani mliokuja kupogoa mizabibu yangu bila kuniuliza neno. Namshukuru yule nesi wa kwanza, aliyenigusa bega. Binti yangu alichelewa kumfikia kwa sababu yangu mimi. Namshukuru Mungu, ingawa kuna asubuhi bado nagombana naye.

Funzo langu ni dogo. Mtu akiishiwa pumzi, huwezi kujua kwa macho kama ni kifua, ni moyo au ni damu. Mpeleke mapema, ukiambiwa nenda hospitali kubwa, nenda siku hiyo hiyo. Na mkifika, mwache mgonjwa aseme mwenyewe, hata akiwa mtoto.

Mama watoto amekaa pale nyuma. Mkitaka kujua anaendeleaje, msiniulize mimi. Muulizeni yeye.