Usukani Ndani ya Khanga

Mwaka wa sabini na tano, mama mmoja alipanda basi letu la UDA pale Mtoni akiwa amebeba ubao mzito aliouzungushia khanga. Kila tukisimama aligeuka kutazama nyuma. Mzee aliyekaa kando yake, fundi wa mashua mwenye kikapu cha zana, akaupapasa ule ubao bila kuombwa.

"Huu usukani, mwanangu."

"Jina lake silijui, mzee wangu. Nimeung'oa kwenye mashua ya mume wangu Albano. Anataka kurudi Kilwa leo, na mara ya mwisho alikaa huko miezi minane."

"Usukani haumzuii. Ataongoza kwa kasia. Ungechukua foromali, ule mti unaobeba tanga." Alisema kama anayesahihisha daftari, habari za mume hakuziuliza.

"Hiyo foromali inaingia kwenye basi?"

"Haiingii. Urefu wake karibu sawa na mashua yenyewe."

Mama akakitazama kikapu. "Na msumeno wako huo, unaikata?"

"Foromali haikatwi," mzee akasema, sauti imempungua.

Basi likasimama Temeke, mwisho wa safari. Mama alikuwa ameshika mpini wa msumeno, mzee amekumbatia kikapu, na kati yao hakuna aliyeshuka.